Kuifungia turbo Datsun 240Z ya zamani hapa Nairobi

Datsun 240Z ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 151 kwenye makaratasi. Ukiiwasha Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya bahari, farasi kama ishirini na saba kati ya hao hawamo zizini. Wala si fundi aliyewaiba. Presha ya hewa ambayo Mombasa ni psi 14.7 (pauni kwa inchi ya mraba), huku kwetu ni kama psi 12, na pistoni haiwezi kuvuta hewa ambayo haipo. Turbo, yaani pampu inayozungushwa na moshi wa injini ili ishindilie hewa kwenye silinda, hulipa deni hilo kwanza, psi 2.7 za mwanzo, ndipo ianze kukupa cha juu. Hesabu hiyo ya psi 12 na 14.7 ishike vizuri, maana ndiyo iliyoniunguza mimi, na nitairudia.

Gari nililirithi kwa mjomba. Yeye alikuwa kijana wakati Edgar Herrmann na Hans Schüller waliposhinda Safari Rally kwa 240Z mwaka 1971, na Shekhar Mehta na Lofty Drews wakarudia mwaka 1973, na tangu hapo hakutaka kusikia habari za gari lingine. Magari yale ya mashindano hayakuwa na turbo. Turbo ilikuja kutamba Safari mwaka 1984, Björn Waldegård aliposhinda na Toyota Celica. Kwa hiyo ninachoeleza hapa mjomba angekiita uhuni. Na kama una ndoto ya kulipeleka gari mbele ya majaji wa Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse, funga ukurasa huu, kwa sababu wao wanataka gari lilivyotoka kiwandani.

Kazi niliifanyia Kariobangi Light Industries, kwa mzee mmoja anayejua chuma kuliko anavyojua kuongea. Ilichukua miezi minane badala ya miwili niliyoahidi nyumbani.

Kwanza, pima injini uliyo nayo

Turbo haifufui injini iliyochoka, inaizika. Pima kompresheni ya silinda zote sita injini ikiwa na moto, plagi zote zimetolewa na kanyagio la petroli limekanyagwa hadi mwisho. Hapa watu wengi hujitia hofu bure. Kitabu kikisema psi 170, kinazungumzia usawa wa bahari. Huku kwetu injini hiyo hiyo, nzima kabisa, itasoma 140 hivi. Usikubali kuuziwa ringi mpya kwa sababu ya namba hiyo. Cha kuangalia ni tofauti kati ya silinda na silinda: ikizidi asilimia 10, tafuta sababu kabla hujanunua hata bolti moja ya turbo.

Angalia pia rejeta, maana turbo huongeza joto na foleni ya Mombasa Road haina huruma. Klachi ya zamani itateleza siku ya kwanza. Breki zifanyie kazi mapema, si baada ya kupata nguvu mpya.

Amua presha kabla ya kununua chochote

Injini ya 240Z, L24, ina ujazo wa sentimita za ujazo 2,393 na uwiano wa mgandamizo wa takriban 9 kwa 1. Nissan wenyewe walipoifungia turbo injini ya ukoo huu mwaka 1981, ile L28 ya 280ZX, waliushusha uwiano hadi 7.4 kwa 1, kwa sababu hewa iliyoshindiliwa halafu ikabanwa tena na pistoni hupata joto la kulipua petroli yenyewe kabla moto wa cheche haujaifikia. Kwa pistoni za kawaida, super ya kituoni na intakula nzuri, ile rejeta ndogo ya kupoza hewa itokayo kwenye turbo, mimi nilikaa kwenye psi 7. Vijana wa gereji jirani walinicheka. Injini zao mbili zimeshanoki tangu hapo.

Sasa hesabu. Psi 7 juu ya psi 12 ni 19, yaani hewa imebanwa mara 1.58. Mombasa psi 7 hizo hizo zingekuwa 21.7 juu ya 14.7, mara 1.48 tu. Maana yake turbo ya Nairobi hufanya kazi kubwa zaidi kwa namba ile ile ya geji, inazunguka kasi zaidi na hewa inatoka na moto zaidi. Hewa ikiingia na nyuzi 25, hutoka ikikaribia nyuzi 85. Ndiyo maana sikukubali habari za kuacha intakula "kwa sababu ni psi 7 tu".

Kununua turbo

Nairobi haina shida ya turbo. Subaru zimetujaalia. TD04 ya Forester au Impreza inapatikana kirahisi katika spea za kutoka Japani, na inatosha: Impreza WRX ya 2002 iliyouzwa Marekani ilitoa farasi 227 kwa turbo ya aina hiyo, nami nililenga 200 tu. Kwa L24 itaamka mapema, na hilo ndilo unalotaka kwenye barabara zenye matuta kila mita mia mbili.

Nilienda Kirinyaga Road, Grogan kwa jina la wenyeji. Muuzaji aliichukua turbo, akaipuliza vumbi, akaizungusha kwa kidole. "Bosi, sikia hiyo. Laini kama siagi. Imetoka kwa kontena jana." Kuzunguka kwa kidole hakuthibitishi chochote, hata turbo iliyokufa huzunguka. Shika ncha ya shafti na uivute na kuisukuma, mbele na nyuma: mchezo unaousikia mkononi ukienda upande huo ni wa kuikataa. Kutikisika kidogo kwenda pembeni ni kawaida kwa turbo isiyo na oili ndani, mradi mapanga hayagusi nyumba yake. Halafu washa tochi ya simu uangalie ncha za mapanga. Panga moja lililomeguka, hata kama punje ya mchele, lirudishe. Geuza upande wa moto uangalie nyufa karibu na kilango cha westigeti, kile kinachopitisha moshi kando ili presha isizidi. Ya kwanza ilikuwa na ufa pale, ya pili ilikuwa na mchezo, ya tatu nikainunua.

"Bosi wewe unachagua turbo kama mtu anachagua bibi," akaniambia. Nikamwambia bibi nilichagua haraka zaidi.

Manifoldi: hapa ndipo kazi ilipo

Injini nyingi hupokea hewa upande mmoja na kutoa moshi upande mwingine. L24 hufanya yote mawili upande mmoja, wa kushoto, manifoldi (shina la mabomba linalounganisha silinda zote) ya hewa ikiwa juu na ya moshi chini yake. Kwa gari letu la usukani wa kulia hiyo ni bahati, kwani nguzo ya usukani iko mbali na moto. Lakini turbo itakaa chini ya miguu ya manifoldi ya hewa, ikiikaanga.

Kuna jambo jingine dogo lililotugharimu wiki nzima. Manifoldi hizo mbili zinatumia gasketi moja, na baadhi ya bolti pia ni za shirika: washa moja nene hukanyaga ukingo wa flanji (bamba la kufungia manifoldi) ya juu na ukingo wa flanji ya chini kwa pamoja. Tulikata flanji yetu ya moshi kwa bamba la milimita 12, wakati ile ya hewa ilikuwa nyembamba zaidi. Washa ikakaa upande, kama meza yenye mguu mmoja mfupi. Ya moshi ilikazika, ya hewa ikavuja. Mzee akachukua washa, akailaza kwenye kiganja, akaitazama kwa muda mrefu. "Kijana, hiki ndicho kinakutesa." Tulipeleka flanji kwa mwenye mashine ya kuparura Industrial Area, zikatoka unene mmoja. Wewe pima kabla ya kukata.

Kwa mabomba usitumie paipu nyembamba za ekzosi, zitapasuka. Nunua kona za chuma kizito, zile za mabomba ya mvuke, zenye ukuta wa milimita 3 hivi. Mtindo wa gogo, yaani bomba moja la kulala linalopokea midomo yote sita, hauna sura ya kupigia picha lakini ni mfupi, haupasuki ovyo na unaiamsha turbo haraka. Yale mabomba marefu yaliyopindanapindana kama tambi waachie wenye muda na pesa za kuchomelea mara mbili.

Kabla ya kuchomelea, jenga mfano. Sisi tulitumia vipande vya paipu za plastiki za maji na gundi, turbo ikiwa imening'inizwa kwa waya kwenye boneti. Angalia mambo haya mfano ukiwa mahali pake: turbo isiguse fremu injini ikitikisika, tundu la oili la chini litazame chini kabisa, bomba la kushukia liwe na njia kando ya gia, na mkono wako uweze kufikia bolti zote. La mwisho hilo watu hulisahau. Nyumba za turbo zinaweza kulegezwa na kuzungushwa, kwa hiyo usilazimishe manifoldi kufuata mdomo wa turbo. Zungusha mdomo.

Wakati wa kuchomelea, funga flanji kwenye kichwa cha silinda kilichokufa, au kwenye bamba nene, kwa bolti zote. Shika kwa nukta kwanza, kisha chomelea kidogo huku na kidogo kule, ukiruka kutoka mdomo wa kwanza hadi wa sita. Iache ipoe ikiwa bado imefungwa. Hata hivyo itapinda kidogo, kwa hiyo iparuliwe tena baadaye. Mwishoni kata flanji kwa msumeno katikati ya midomo, ili kila kipande kitanuke peke yake bila kuvunja stadi, zile bolti zisizo na kichwa. Welding ya argoni ndiyo safi zaidi kwa kazi hii. Flanji ya TD04 ya Subaru ina matundu matatu, basi usinunue ile ya matundu manne inayouzwa kila mahali. Weka pia mkono wa chuma kutoka kwenye turbo hadi kwenye bloku, kilo zake zisining'inie kwenye manifoldi peke yake.

Halafu tengeneza ngao ya bati la alumini kati ya turbo na manifoldi ya hewa, ikiacha nafasi ya kidole pande zote mbili. Bila nafasi hiyo ngao inakuwa pasi.

Oili

Tulichukua oili kwa tii pale penye sensa ya presha ya oili, upande wa pili wa injini, tukaipeleka kwa hosi nyembamba iliyosukwa kwa chuma. Turbo haihitaji oili nyingi, inahitaji oili safi isiyokatika. Kurudi ndiko kugumu. Ndani ya turbo oili hupigwa ikawa povu, na povu halipandi mlima. Bomba la kurudi liwe pana, milimita 16 au zaidi kwa ndani, lishuke bila tumbo wala kona kali, na liingie kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, juu ya usawa wa oili. La kwanza langu liliingia chini ya usawa huo. Gari liliwaka vizuri, likakaa dakika kumi, kisha moshi wa samawati ukajaza uwanja mpaka mama wa chapati wa ng'ambo akafunika karai lake. Nilidhani turbo imekufa. Hapana, oili ilikosa pa kwenda ikapita kwenye sili.

Maji pia yaunganishe. TD04 ina matundu yake ya maji na hayakuwekwa kwa urembo.

Intakula na mabomba

Intakula iko mbele ya rejeta, mabomba ya alumini ya inchi 2 hadi 2.5, hosi za silikoni, klampu nzito. Ncha za mabomba ziwe na ukingo uliovimba, la sivyo hosi itaruka siku utakapokuwa unapita lori. Valvu ya kupumulia, ile ya "pshh" inayopendwa sana Thika Road usiku, weka, lakini irudishe hewa ndani. Majirani nao wana haki. Bomba la moshi nyuma liwe inchi 2.5, na kipande chenye kunyumbulika karibu na turbo.

Petroli na cheche

Kabureta mbili za 240Z zinaweza kupulizwa na turbo, na wapo waliofanya hivyo. Mimi sikutaka. Shafti zake huvuja, na presha ya petroli lazima ipande sawasawa na presha ya hewa. Ikichelewa kidogo tu petroli inapungua wakati ambapo injini inaihitaji kuliko wakati wote. Katika gari lenye turbo nyekundu kwa moto chini ya kabureta, petroli inayovuja si jambo la kujaribia bahati.

Nilifunga sindano za petroli, sita, za sentimita za ujazo 300 kwa dakika kila moja. Hesabu yake si siri: farasi 200 wa turbo hutumia kama lita 73 za petroli kwa saa injini ikiwa imekamuliwa yote. Zigawe kwa sita, halafu uache sindano zipumzike asilimia 20 ya muda, unapata kama sentimita za ujazo 250 kwa dakika. Pampu ya lita 190 kwa saa ikabaki na nafasi. Kompyuta ni Megasquirt, inayosoma sensa ya presha kamili kwenye sanduku la hewa tulilolitengeneza kwa alumini. Sensa ya oksijeni ya bendi pana si anasa, bila hiyo unapapasa gizani. Chini ya presha nilitaka mchanganyiko wa hewa 11.5 kwa petroli 1, na cheche irudishwe nyuma digrii moja kwa kila psi ya turbo. Mpe mwenye kompyuta namba hizo kama mahali pa kuanzia tu.

Kuwasha

Toa plagi, zima pampu ya petroli, zungusha kwa stata mpaka geji ya oili ipande. Rudisha plagi, washa, acha injini isinzie. Nyunyizia maji ya sabuni kwenye kila kiungo cha hewa utafute mapovu. Pima pia westigeti mezani kwa kompresa yenye regyuleta: yangu ilianza kufungua psi 7 kamili, nikaiacha hivyo. Kilomita za kwanza endesha bila kuita turbo. Kaza stadi za manifoldi tena zikiwa baridi, na tena baada ya wiki. Usisahau kuijulisha kampuni ya bima, kwani fomu uliyojaza haina neno turbo.

Safari ya Mombasa

Tulilirekebisha gari Nairobi na pembeni mwa Athi River kwa wiki tatu. Likawa tamu. Desemba nikateremka nalo pwani, na kabla kidogo ya Voi nikalipita lori la saruji. Geji ilisoma psi 7, kama siku zote. Injini ikagonga mara tatu, kama mtu anatikisa kokoto ndani ya mkebe. Nikaachia kanyagio, nikachelewa. Gasketi ya kichwa ilikwenda kwenye silinda ya sita, na ncha ya plagi yake ilikuwa na vitone vya alumini. Gari lilirudi Nairobi mgongoni mwa brekidauni.

Geji haikusema uongo. Yenyewe hupima presha iliyo juu ya hewa ya mahali ulipo. Nairobi psi 7 juu ya 12, jumla 19, au kilopaskali 131. Mombasa jumla ni 21.7, kilopaskali 150, hewa asilimia 14 zaidi ndani ya silinda ile ile. Kompyuta yangu ilisoma ukweli, kwa sababu sensa yake ni ya presha kamili. Lakini kwenye jedwali lake la petroli na cheche, mistari iliyo juu ya 131 haikuwa imeguswa na mtu. Nilikuwa nimenakili mstari wa mwisho kwenda juu, petroli ile ile, cheche ile ile, nikidhani hatutafika huko. Voi tulikuwa tumeshafika, na bado zilibaki kilomita mia moja na hamsini za kuteremka.

Basi kabla ya kupita Mtito Andei, jaza mistari yote hadi 160: petroli iongezeke mstari kwa mstari, cheche irudi nyuma digrii mbili zaidi ya unavyodhani inatosha. Weka pia kizuizi cha kukata petroli kwenye kilopaskali 155. Kizuizi hicho kisome presha kamili, si ya geji. Pasaka nilirudi njia ile ile. Nilisimama Maungu, nikafungua boneti, nikatoa plagi ya sita ikiwa bado inachoma vidole. Ilikuwa na rangi ya biskuti.